Silikoni si dawa: pikipiki za Bunia zinakufa kwa kunyimwa jointi ndogo

BUNIA – Kila asubuhi, kabla soko kuu halijajaa watu, mambo ni yale yale kwenye garaji za kando ya barabara, toka Mudzipela mpaka Lumumba, toka Saio mpaka Simbiliabo. Motari anafika akiwa amekwisha chelewa. Pikipiki yake, TVS au Boxer iliyopita mikononi mwa watu watatu au wanne, inawaka lakini haitulii. Akiachia gesi, injini inaendelea kulia peke yake. Ikipoa kidogo, inazima. Kwenye mteremko, bomba la moshi linapiga vishindo.

"Yaya, ralanti inapanda yenyewe."

"Ngoja, mdogo wangu. Dakika kidogo tu."

Fundi hahitaji kuuliza mara ya pili. Anafungua bolti mbili, anavuta kabureta pembeni, anatoa ile shingo fupi inayoiunganisha na silinda. Jointi ya zamani imekuwa bapa na ngumu kama kipande cha plastiki. Anaitupa. Anachukua mpira wa ndani wa gurudumu uliochakaa, anakata kipande kwa wembe, anakipaka silikoni pande zote mbili, anarudisha kila kitu na kukaza kwa nguvu zake zote. Haijapita nusu saa. Franka kidogo zinabadilisha mkono. Injini imetulia, motari anaenda kutafuta wateja, na wote wawili wameridhika.

Huo si ufundi. Hilo ni deni. Na katika mji huu, deni la namna hiyo halilipwi na yule aliyelikopa.

Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bunia imevumbua balaa jingine: ufa unazibwa kila wiki, na ukuta bado unajengwa kila mwaka. Ni kwa sababu unazibwa kwa kitu ambacho esanse inakila.

Shingo fupi, kazi kubwa

Inafaa kueleza kwanza kile kinachoharibika, kwa maana wamotari wengi wanaambiwa tu "ni kabureta", na wenye pikipiki wengi hawaambiwi kitu kabisa.

Kati ya kabureta na kichwa cha silinda kuna kipande kifupi cha alumini au cha mpira mgumu. Ndicho shingo. Kinapitisha mchanganyiko wa hewa na esanse kutoka kabureta kuingia ndani ya injini. Pale shingo inapokutana na silinda pana jointi: mara nyingi ni oringi ya mpira iliyolala ndani ya mfereji wake, mara nyingine ni gasketi ya karatasi. Kwenye pikipiki nyingi pana pia kibao cheusi kigumu ambacho kazi yake ni kuzuia joto la silinda lisipande hadi kwenye kabureta na kuchemsha esanse.

Ili esanse iungue vizuri, kila kilo moja inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Kupima huko ndiyo kazi ya kabureta. Hewa inaingia kwa mlango mmoja tu, inapita kwenye filta, inasafishwa vumbi, kisha kabureta inaichanganya na esanse kwa kipimo. Jointi ya shingo ikichoka, hewa nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma. Haikupita kwenye filta. Haikupimwa na kabureta. Watu wa Ituri hawahitaji mfano mrefu ili kuelewa jambo hilo: ni hewa ya magendo, kama shehena inayopita porini usiku ili isionekane na forodha ya Mahagi.

Madhara yake yanafuatana. Kwenye ralanti, pistoni inavuta kwa nguvu ilhali mlango wa kabureta umefungwa karibu wote, kwa hiyo ufa mdogo tu unaingiza hewa nyingi kuliko inayotakiwa. Injini inapanda mizunguko yenyewe. Pikipiki ndogo za silinda moja zinapaswa kutulia kwenye mizunguko kati ya 1,300 na 1,500 hivi kwa dakika. Yenye ufa inapanda juu zaidi ya hapo na inachelewa kushuka. Fundi wa haraka analegeza skrubu ya ralanti ili sauti ishuke. Sasa injini inazima asubuhi kwa baridi. Anaikaza tena. Inapanda tena. Motari anarudi garaji mara tatu kwa wiki, na kila mara analipa.

Mchanganyiko wenye hewa nyingi na esanse kidogo unaungua kwa joto kali na kwa mpangilio mbaya. Buji, ambayo kwenye injini yenye afya ina rangi ya kahawia nyepesi, inatoka nyeupe kama imepakwa chokaa. Vali ya kutolea moshi inaanza kuungua ukingoni. Kichwa cha pistoni kinapata moto kuliko kilivyoundwa kuvumilia. Hapo fundi wa haraka ana dawa nyingine: anapandisha sindano ya kabureta au anaweka jigleri kubwa ili esanse iwe nyingi. Kwa hiyo motari anaanza kununua chupa za ziada kwa kadafi wa barabarani kila siku, ili kulisha ufa ambao hakuna aliyemwonyesha.

Vumbi haliombi ruhusa

Mahali pengine madhara yangeishia hapo. Bunia yanaendelea, kwa sababu ya vumbi.

Mtu yeyote aliyepita mji huu katika miezi ya jua, kati ya Desemba na Februari, anajua hali ilivyo. Vumbi jekundu linakaa juu ya majani, juu ya mikate, juu ya nguo zilizoanikwa. Linaingia ndani ya nyumba iliyofungwa milango. Lori moja likipita kwenye barabara ya udongo, wamotari walio nyuma yake wanaendesha kwa kukisia. Udongo huo una chembe ngumu zinazosaga chuma kama msasa.

Filta ya hewa iliwekwa kwa ajili hiyo. Motari mwenye bidii anaitoa, anaipiga piga ukutani, anaiosha, anairudisha. Lakini ufa wa shingo uko baada ya filta. Filta iwe mpya, iwe safi namna gani, vumbi linalopita kwenye jointi iliyokufa linafika moja kwa moja kwenye silinda. Linajichanganya na mafuta ya injini na kuwa dawa ya kusaga. Pete za pistoni zinalika, silinda inapanuka, mafuta yanapanda, moshi wa buluu unaanza. Baada ya hapo hakuna tena mazungumzo ya jointi. Ni kufungua injini yote: silinda, pistoni, pete, mara nyingine na vali. Ndiyo siku ambayo mwenye pikipiki anashika kichwa na kuuliza: "Injini hii si ilikuwa nzima juzi?"

Haikuwa nzima. Ilikuwa inakula vumbi kwa miezi, chini ya kipande cha mpira na silikoni.

Yapo pia yale yasiyolipwa kwa pesa. Injini isiyoshuka mizunguko motari anapoachia gesi ni hatari kwenye kona yenye watoto wa shule. Injini inayozima yenyewe ni hatari zaidi kwenye barabara ya taifa nambari 27 kuelekea Djugu na Mahagi, au kwenye njia ya Komanda, ambako hakuna anayetaka kusimama kando ya majani akipiga kiki bila jibu. Watu wameuawa kwenye barabara hizo, na kila motari anayezipita anajua sehemu ambazo hapaswi kupunguza mwendo. Na vile vishindo vya bomba la moshi? Kuna miji ambako watoto wanavicheka. Bunia ilipitia mwaka 2003, na mkoa mzima uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Hapa, kishindo cha usiku kinawalaza watu chini, na pikipiki inayopiga vishindo karibu na kizuizi chenye askari si kitu cha kuchekwa.

Kisha yuko abiria. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayetolewa Dele usiku kupelekwa hospitali hakuulizwa kama jointi ni mpya. Dozi za chanjo zinazopelekwa vijijini ndani ya sanduku la barafu haziwezi kungoja pikipiki ipoe ili iwake tena.

Kwa nini silikoni na mpira wa gurudumu havifai

Mafundi wengi watasema: lakini inashika. Kweli, inashika. Inashika siku chache.

Mpira wa ndani wa gurudumu ulitengenezwa kubana hewa, haukutengenezwa kuishi ndani ya esanse. Ukilowa esanse unavimba, unalainika, unapoteza umbo. Yeyote anaweza kujaribu nyumbani: kipande cha mpira huo kiwekwe ndani ya kopo lenye esanse kidogo toka asubuhi hadi kesho yake, mbali na jiko, kisha kilinganishwe na kile kilichobaki kikavu. Oringi za kazi hii zinatengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, unaostahimili esanse na joto.

Silikoni ya kawaida ya tyubu nayo haipatani na esanse. Inalegea, inajikunja, inabanduka vipande vipande. Vile vipande havirudi nyuma. Vinavutwa na pistoni kuelekea kwenye vali. Kipande kikikaa kwenye kiti cha vali, vali haifungi vizuri, nguvu inapotea, na fundi anaanza kutafuta ugonjwa mpya ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuingiza.

Na kukaza kwa nguvu zote ni kosa la tatu, tena kubwa. Bolti zile mbili ni nyembamba, na zinaingia ndani ya alumini. Zinahitaji nguvu ya Nm 10 hivi, yaani nguvu ya mkono mtulivu kwenye spana fupi. Fundi anapoegemea spana ndefu ili kushinda kuvuja, masikio mawili ya shingo yanapinda na katikati panabaki wazi. Kwa hiyo kadiri anavyokaza ndivyo panavyovuja. Siku moja uzi wa bolti unang'oka ndani ya kichwa cha silinda, na jointi ya bei ya kitu kidogo imezaa kazi ya kuchonga uzi mpya.

Kwa pikipiki za zamani za injini ya mipigo miwili, kama zile Yamaha AG100 na DT125 zilizotumikia misheni na mashirika kwa miaka mingi na ambazo bado zinaonekana vijijini, hatari iko karibu zaidi. Shingo yao ni ya mpira. Inazeeka, inakauka na kupasuka, mara nyingi upande wa chini ambako jicho halifiki. Injini ya aina hiyo ikivuta hewa ya ziada kwenye mlima mrefu inapata moto hadi pistoni inakwama ndani ya silinda na gurudumu la nyuma linafunga. Kuzungusha utepe mweusi juu ya mpira uliopasuka, kama inavyoonekana kila siku, ni kumtakia mwendeshaji mabaya.

Mapatano yanayomwadhibu mwaminifu

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kuwalaumu mafundi. Wana sehemu yao ya lawama, tena kubwa. Lakini fundi anafanya kile anacholipwa kufanya, na motari anaomba kile anachoweza kulipa. Mzizi uko kwenye versemani, ile pesa ambayo motari anampelekea mwenye pikipiki kila jioni.

Katika mapatano mengi ya Bunia, versemani haibadiliki, mvua inyeshe au jua liwake. Esanse ni ya motari. Matengenezo madogo ni ya motari. Matengenezo makubwa ya injini ni ya mwenye mali. Kwa masikio, mpango huo unaonekana wa haki. Kwenye garaji unazaa ujinga.

Jointi ya shingo ni tengenezo dogo. Kwa hiyo ni juu ya motari. Oringi yenyewe haifikii hata versemani ya siku moja. Shida ni muda. Kwenda kuitafuta dukani, kungoja injini ipoe, kusafisha, kupanga upya kabureta: nusu ya siku imekwisha, na versemani inangojwa jioni bila kupungua hata franka moja. Silikoni inachukua chini ya nusu saa. Motari anayechagua kazi nzuri anaadhibiwa jioni ile ile. Anayeficha ugonjwa anaachwa kwa amani. Na akiuficha vya kutosha, ugonjwa unakua, unapita mpaka wa "matengenezo madogo", unakuwa "matengenezo makubwa", na unahamia kwenye mfuko wa mwenye pikipiki.

Yaani mwenye mali ametia saini mapatano yanayomlipa motari ili aue injini yake polepole.

Na huyo mwenye mali ni nani? Bunia, mara nyingi si tajiri. Ni mwalimu aliyeweka akiba miaka. Ni mama muuzaji wa samaki wa Kasenyi. Ni mjane ambaye pikipiki ndiyo urithi pekee unaoleta chakula. Ni mtumishi wa serikali ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi. Kwa watu hao, injini ndiyo shamba. Hakuna mkulima anayekubaliana na kibarua kwamba mbegu ni juu yake kibarua, kisha anashangaa kuona shamba limepandwa nusu.

Visingizio vinavyosikika

Cha kwanza: vifaa asili havipatikani. Kuna ukweli ndani yake. Vifaa vingi vinatoka Kampala kupitia mpakani, na vingine ni vya kuiga ambavyo havimalizi mwezi. Lakini oringi haina siri. Ina kipimo cha upana na cha unene. Fundi akipeleka shingo yenyewe dukani na kujaribu oringi ndani ya mfereji wake, ataona kama inajaa na kujitokeza kidogo juu, au kama inazama. Na pale panapotaka gasketi ya karatasi, karatasi maalumu ya kukatia gasketi inauzwa kwa kipande. Mafundi wazee walikuwa wanailaza juu ya shingo na kugonga ukingo polepole kwa nyundo ndogo ya mviringo mpaka gasketi inajikata yenyewe, sawa na ya kiwandani. Vijana wengi wa garaji hawajawahi kuonyeshwa hilo.

Cha pili kinatolewa na wale wanaojiona wajuzi: Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kuvuja kidogo kunasaidia injini ipumue. Ni kweli kwamba huku juu kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini inatoa esanse kidogo zaidi ya inayotakiwa. Dawa yake ni jigleri ndogo zaidi, inayofanya kazi kwa kipimo. Hewa ya ufa haina kipimo: kwenye ralanti ni nyingi mno, kwenye gesi yote ni kidogo, injini ikipata joto inabadilika tena. Na inakuja na vumbi lake. Hakuna daktari anayemtoboa mgonjwa kifua ili apumue vizuri zaidi mlimani.

Cha tatu: motari mwenyewe ndiye anayeomba depanaji ya haraka. Ndiyo, anaomba. Mgonjwa naye huomba kidonge cha maumivu badala ya kulazwa. Anayejua kazi ndiye mwenye wajibu wa kusema hapana, au angalau kusema: "Hii itakufikisha nyumbani leo, kesho ulete pikipiki." Depanaji ya porini, kwenye njia ya Mongbwalu wakati jua linazama, ina heshima yake. Depanaji inayofanyika mita chache kutoka duka la vifaa ni uvivu uliovaa jina la ujuzi.

Kazi yenyewe ilivyo

Kinachosikitisha ni kwamba kazi nzuri haihitaji mashine wala umeme.

Kwanza ni kuhakikisha ugonjwa. Injini ikiwa kwenye ralanti, maji yenye sabuni kidogo yanapakwa kwa brashi kuzunguka jointi. Ralanti ikibadilika, au povu likivutwa ndani, ufa umepatikana. Wengine wanamwaga esanse toka kwenye chupa ili wasikie injini ikipanda. Hao wanacheza na maisha yao, karibu na bomba la moshi lenye moto.

Pili, injini iachwe ipoe. Bomba la esanse lifungwe. Kabureta na shingo vitolewe, na kitambaa safi kizibe tundu la silinda ili uchafu usiingie. Mabaki ya silikoni na gasketi ya zamani yakwanguliwe kwa kitu kisichokwaruza alumini. Bisibisi haifai.

Tatu, shingo ijaribiwe kama bado imenyooka. Inalazwa juu ya kioo: ikicheza, imepinda. Msasa laini unawekwa juu ya kioo, shingo inasuguliwa juu yake kwa mzunguko mpaka uso wote unang'aa sawa. Kwa shingo iliyopinda kidogo, dakika chache zinatosha. Iliyopasuka inatupwa. Kile kibao cheusi cha kuzuia joto nacho kikaguliwe. Kikiwa na ufa, oringi mpya haitasaidia kitu. Wala kisiachwe nje eti "hakina kazi".

Nne, oringi mpya iwekwe kavu ndani ya mfereji safi. Bolti zikazwe kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka zibane kwa nguvu ya kawaida. Kisha maji ya sabuni yarudiwe. Ralanti isipotikisika, ndipo skrubu za kabureta zipangwe upya, na sindano iliyopandishwa irudishwe mahali pake. Wengi wanasahau hatua hiyo ya mwisho, na motari anaendelea kununua esanse ya ufa ambao haupo tena.

Hayo yote ni kazi ya saa moja na nusu, mbili kwa fundi asiye na haraka.

Kinachodaiwa

Mji hauhitaji mkutano mkubwa wala mradi wa mfadhili ili kubadilisha jambo hili. Unahitaji watu watatu wabadilishe desturi.

Mwenye pikipiki aondoe jointi, filta na mafuta ya injini kwenye orodha ya "matengenezo madogo" ya motari, na alipe mwenyewe. Na siku ya kazi hiyo versemani ipunguzwe nusu. Anayeona hilo ni hasara aende aulize bei ya silinda na pistoni, kisha arudi kuhesabu upya.

Vyama vya wamotari, ambavyo vinajua kukusanya michango na kuitisha mgomo kwa siku moja, viweke sharti hilo ndani ya mapatano ambayo wanachama wao wanasaini. Chama kinachomtetea motari barabarani lakini kinamwacha peke yake mbele ya mwenye mali kimefanya nusu ya kazi.

Na mafundi wenyewe. Vijana wanaoshika spana wakiwa na umri wa miaka 14 wanajifunza kile wanachokiona. Wakiona silikoni, watafundisha silikoni. Kongo ina taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, tangu mwaka 1964, lakini fundi mwenye garaji chini ya mwembe ndiye mwalimu wa vijana wengi zaidi. Aweke kioo kimoja na karatasi moja ya msasa pembeni ya sanduku lake la spana. Akatae kuweka mpira wa gurudumu ndani ya injini ya mtu, kama vile fundi mwashi anavyopaswa kukataa kujenga nyumba kwa mchanga mtupu.

Motari naye ana jambo moja la kuanza nalo kesho asubuhi, bila kungoja chama wala bwana mwenye mali. Kabla fundi hajafunga bolti, aseme: "Yaya, nionyeshe kwanza jointi unayoiweka." Akionyeshwa kipande cheusi kilichokatwa kwa wembe, achukue shingo yake mkononi na atembee nayo hadi dukani.